Namba Sitini na Nne Haidaki Mpira

Shamba la Kubicek,
Barabara ya Kanisa,
Zelenka, Nebraska.

Jumapili, 9 Oktoba 1994.

Mpendwa mdogo wangu Dennis,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya huko Kodiak, na kwamba mitambo ya kiwanda cha samaki haijakukata kidole kingine. Mgongo je? Uliniambia Krismasi kwamba baridi inauingia. Mwombe Mungu, lakini pia vaa ile fulana ya sufu aliyokutumia shemeji yako Bernadine, maana hakuifuma ili uzibie nyufa za mlango.

Sisi hatujambo, ila uchovu. Magoti yangu yanalia nikipanda ngazi, na mahindi ya upande wa mto bado yamesimama kwa sababu mvua imetukawiza. Nafundisha uchomeleaji shuleni asubuhi, jioni nafundisha mpira wetu wa Kimarekani, na jua likiruhusu nakaa kwenye mashine ya kuvunia mpaka giza. Bernadine anasema ninalala nikiwa nimeshika uma mkononi. Anazidisha kidogo.

Mama yuko vizuri pale kwenye nyumba ya wazee. Anakula, anaimba nyimbo za Kicheki, anawakaripia wauguzi kwamba mandazi yao ya plamu hayana plamu. Siku hizi ananiita Dennis. Mwanzoni nilikuwa namsahihisha, sasa naitika tu.

Nimekupigia simu bwenini kwenu mara mbili. Anaitika mtu mwenye kikohozi, anasema atakuambia. Kama hakukuambia, basi nakuambia mimi kwa kalamu: Ijumaa ya tarehe 21 ni usiku wa wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Mwanao Darrin ataingia uwanjani kabla ya mchezo, jina lake litatangazwa, na mzazi wake anatakiwa atembee pembeni yake mpaka katikati. Uje, Dennis. Yaliyobaki katika barua hii ni kukueleza kwa nini safari hii sikubali jibu la "nitajaribu".

Nianze na timu, maana najua hilo utalisoma bila kuruka mistari. Mwaka huu wapokeaji wa pembeni hatuna. Wapo wawili wanaosimama pale, Kyle Jelinek, mtoto wa mchungaji, na Corey Stanek. Kyle ana mbio za swala, lakini mpira ukimfikia unaruka kana kwamba ameutia mafuta. Corey anadaka vizuri kama hakuna mtu karibu, tatizo ni kwamba karibu kila mara kuna mtu karibu. Wiki ya kwanza tulirusha mpira mpaka bega la Todd Vavra, mrushaji wetu, likavimba, na tulichovuna ni aibu.

Kahawani pale kwenye ghala la ushirika hawakunipa nafasi hata ya kukaa. Mzee Emil Kovar alianza nikiwa bado mlangoni.

"Kocha, hao wapokeaji wako umewaokota wapi, kwenye kwaya?"

"Kwaya angalau wanashika vitabu," akadakia nduguye.

"Mimi nakwambia, mtu akimpa Kyle amshikie mtoto, akae karibu."

Walicheka mpaka kahawa ikawapalia. Nami nilicheka, ningefanyaje? Ukikosa la mama, hata la mbwa huamwa. Nikarudi nyumbani nikaangalia nilichonacho, nikaona nina vijana wakubwa wa shambani, mikono kama makoleo, hawana mbio lakini hawaogopi kugongwa. Basi nikawaacha Kyle na Corey wakae nje zaidi, nikaleta watu wa ukingoni. Siyo mmoja, watatu. Mapacha wa Machacek, na Darrin wako.

Unajua mwenyewe uzuri wa mtu wa ukingoni. Anasimama mwisho wa ukuta wa vijana wanaomlinda mrushaji, kwa hiyo mpinzani hajui kama atawazuia watu ili mwenzake apite au atageuka ghafla adake mpira mfupi pale katikati. Ukiwa na watatu, wapinzani wanalazimika kujazana ndani, na ukiwatazama usoni unaona hesabu zimewachanganya. Siyo mpira wa kupendeza, babaangu. Ni hatua tatu, hatua nne, anguka, inuka. Lakini tulianza kushinda.

Tatizo lilikuwa moja, na lilikuwa la ukoo wetu. Darrin anavaa sitini na nne.

Sina haja ya kukueleza namba hiyo ni nini. Baba aliivaa, wewe uliivaa, na hapa Zelenka namba haichukuliwi na mtu wa ukoo mwingine, hata ikikaa kabatini miaka ishirini. Lakini sheria unaijua: hamsini mpaka sabini na tisa ni namba za ukuta. Hazidaki mpira. Mwenye namba hiyo kazi yake ni kusukuma na kusukumwa. Nilimwambia Darrin mapema achukue namba ya themanini na kitu kama mapacha. Akakataa, na mimi kwa uchovu wangu sikumlazimisha. Nikamwambia basi, simama ukingoni na sitini na nne yako, zuia watu, mpira usiuguse. Nikajua ninapoteza nusu ya faida, kwa sababu wapinzani wakishaiona hiyo namba wanajua huyu hadaki, wanamwacha, wanawaendea mapacha wawili kwa wingi.

Ijumaa ya tarehe 30 Septemba tulikuwa ugenini Harlan Creek. Tuko nyuma kwa pointi tano, dakika ya mwisho. Todd anafukuzwa na watu wawili, mapacha wamefunikwa, Kyle ameteleza kwenye matope. Na nani amesimama peke yake karibu na mstari wa mwisho, hana mtu wa kumkaba, kama ng'ombe aliyesahauliwa malishoni? Mwanao. Todd alirusha bila kufikiri, Darrin akadaka bila kufikiri. Aliudaka kwa vidole, Dennis, mikono imenyooka kabisa, akageuka akavuka mstari.

Watu wetu waliruka mpaka jukwaa likatetemeka. Mchungaji Jelinek alimkumbatia Mzee Emil, ambaye hajaingia kanisani tangu harusi yake. Halafu nikakiona kile kitambaa cha njano cha kuonyesha kosa kwenye nyasi. Refa wala hakunitazama, alionyesha tu mgongo wa Darrin. Bao likafutwa, mchezo ukaisha, tukapanda basi kurudi nyumbani.  Darrin alikaa kiti cha mbele, amevua jezi, ameikunja mapajani.

Jumatatu niliweka jezi namba themanini na saba kwenye benchi lake. Aliitazama kama mtu aliyewekewa chakula cha mgonjwa.

"Sivai hiyo, Baba Mkubwa."

"Darrin, umeona mwenyewe Ijumaa. Mikono unayo, wewe ndiye mdakaji bora niliye naye. Namba tu ndiyo inatukwamisha."

"Basi niweke benchi."

"Hii siyo heshima kwa babu yako, ni ukaidi. Babu yako mwenyewe angekuchapa."

"Siyo kwa ajili ya Babu," akasema, akatoka.

Nilikasirika. Nilikaa kwenye chumba cha kubadilishia nguo peke yangu nikajisemea maneno ambayo Mama angeyasikia angeniosha kinywa kwa sabuni. Nina umri wa miaka hamsini na sita, nalea mtoto wa ndugu yangu tangu mama yake, marehemu Janelle, atutoke, na sijui hata anachokataa kuvua ni nini. Wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wanaosema hivyo waje waubebe huu miaka mitano.

Jumatano yakatokea mengine. Kwenye chumba cha chakula, siku ile ya maharage ya pilipili na mkate wa mdalasini, watoto fulani walimwekea Kyle kwenye sinia yake glavu za kutolea mkate jikoni, zile nene za maua. "Vaa hizi, labda zitakusaidia!" Chumba kizima kikaangua kicheko. Mpishi ndiye aliyenisimulia.  Anasema Kyle alizikunja zile glavu taratibu, akazitia mfukoni mwa koti, akaendelea kula. Darrin alikuwa meza ya pili, hakucheka.

Alhamisi Darrin aliingia karakanani kwangu katikati ya somo, cheche zinaruka kila upande. Alikuwa ameishika sitini na nne, imefuliwa na kukunjwa.

"Nipe ile nyingine."

"Kumetokea nini?"

"Kyle hawezi kuwa anadondosha peke yake kila wiki. Na mimi niudondoshe, tuchekwe wote."

Niliinamisha ile barakoa yangu ya kuchomelea ili wanafunzi wasinione uso. Nakwambia hivyo kwa sababu wewe ni ndugu yangu. Nilijivunia sana, na hapohapo nikakuonea wivu na hasira, kwa sababu hayo yalikuwa maneno ya wewe kuyasikia, siyo mimi.

Juzi Ijumaa tulicheza nyumbani. Darrin alivaa themanini na saba, na wapinzani kwa robo nzima hawakujua wamfanyeje. Wakimwendea yeye, pacha mmoja yuko wazi. Wakijazana ndani, Kyle anabaki nje peke yake, na kwa mara ya kwanza mwaka huu Kyle alidaka mpira. Mmoja tu, tena aliukumbatia kifuani kwa mikono yote miwili kama anaokoa kuku, lakini aliudaka. Darrin alidaka minne, na mmoja ulimpiga puani, akadondosha kama alivyoahidi. Tulishinda. Mzee Emil alinisubiri getini anipe mkono, akasema sasa kinachobaki ni kumpatia Corey dawa ya woga.

Ile jezi ya zamani Bernadine ameipiga pasi, iko juu ya kitanda katika kile chumba chako.

Sasa nije kwenye neno lenyewe. Bi Novak wa ofisi ya shule amepita akiwauliza vijana wa mwaka wa mwisho watatembea na nani. Darrin alijibu "na Baba" bila kusita. Bi Novak alinifuata baadaye, akaniuliza kwa sauti ya chini aandike nani hasa. Mimi siwezi kutembea naye, kocha anakaa katikati kuwapokea wote. Bernadine yuko tayari, ameshanunua hata koti. Lakini mwaka jana ulisema utakuja, akakutafuta jukwaani mpaka mapumziko. Mwaka juzi vilevile. Ahadi ni deni, Dennis, na mtoto huyu hajawahi hata siku moja kukudai. Mimi ndiye ninayekudai, na nimechoka kudai. Nimechoka kuambiwa "labda ndege imechelewa" na kijana anayenifariji mimi.

Sikutaka kukuandikia hili lifuatalo, kwa sababu litakuuma. Ila nimeona heri likuume ukiwa bado una muda wa kukata tiketi.

Baada ya mchezo wa juzi nilimrudisha nyumbani kwa gari. Pua yake ilikuwa imezibwa pamba pande zote mbili, ananuka nyasi. Nilimuuliza sasa aniambie, kama haikuwa kwa ajili ya Babu, alikuwa anaing'ang'ania sitini na nne kwa nini. Tulipopita kanisa alichomoa pamba moja puani. Halafu akasema:

"Baba Mkubwa, ukimwandikia Baba, mwambie nimebadilisha namba. Yeye anajua sitini na nne tu. Kama akija kimyakimya akakaa jukwaani, anaweza kuitafuta asiione, akadhani sichezi, akaondoka."

Basi nimekuambia. Ni themanini na saba.

Bernadine anakusalimu sana, na mapacha wa Machacek, na Mchungaji Jelinek anayesema bado anakuweka kwenye sala zake. Mama angekusalimu kama asingekuwa anaamini kwamba uko hapa kila Jumapili unamlisha supu. Nisalimie wenzako wa kiwandani, hata yule mwenye kikohozi.

Mungu akulinde na bahari hiyo na baridi yake, akufungulie njia, akulete ukiwa mzima.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye hata nikichoka,

Leonard