Siku ya Nne ya Kuagwa

Kalemie, Jumatano, tarehe 4 Oktoba 1978

Leo pia ndege haikuja. Wanasema imeharibikia Lubumbashi.

Ni siku ya nne naagwa. Jumapili Mama alilia mpaka wakamshika mikono. Jumatatu alilia kidogo. Leo alikuwa akichagua maharagi, akasema bila kuinua kichwa, "Ukifika, uandike."

Kosa ni langu. Kwetu anayekwenda Ulaya hugawa nguo zake, nami niligawa zote Jumamosi, kwa mbwembwe, kama muntu asiyerudi, na kumbe nakwenda kusoma muhula mmoja tu. Nimebaki na abakosti, suti niliyoiweka kwa safari, na jasho la siku nne limo ndani yake.

Jioni nilimwomba binamu yangu Kasongo shati moja kati ya yale niliyompa. Alikuwa amelivaa. Limempendeza kuliko lilivyonipendeza mimi, na hilo siwezi kumsamehe.

"Kaka, vitu vya muntu mwenye alishaenda haviombwe tena."

"Lakini niko hapa!"

"Njo shida yako iyo. Sisi tulishakulilia."

Mama alicheka mpaka akafuta macho. Machozi ya kuniaga leo yalikuwa hayo tu.

Naandika nikiwa mkekani. Kitanda nacho nilimpa Kasongo.

Ndege ya Ubelgiji inatoka Kinshasa Jumamosi. Nikiikosa, nafasi yangu shuleni atapewa mwingine. Nami nitabaki hapa, na sijui nitabaki kama nani.