Sufra Moja, Sinia Mbili

Sib, Maskat
Jumamosi, 15 Novemba 2025

Mpendwa Shangazi Nawar,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na Ami Loay na Ghaith. Goti linasemaje na baridi ya Ohio? Nadhani miti ya kwenu imeshabaki vijiti vitupu. Sisi huku hatujambo. Joto limevunjika na tunalala madirisha wazi. Bibi anamshukuru Mungu. Jicho la kulia limefifia zaidi, lakini mchele mbovu bado anautambua kwa kuupapasa.

Nakuandikia kwa kalamu, kama abiria wako Waamishi wanavyoandikiana, kwa sababu kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika mwisho. Tafadhali soma hadi chini.

Shangazi, wamejua. Najua niliahidi kunyamaza. Nilipokuja huko kwa muhula mmoja, Baba aliamini kwamba siku zangu zote ni chuo na bweni, nami nikamwacha aamini. Hakujua kwamba kila mwisho wa wiki nilikuwa kwenye gari lako.

Niliporudi, kila Ijumaa baada ya chakula wakawa wanataka hadithi za Waamishi. Niliwaeleza kwamba ni Wakristo wa mashambani wanaokwenda kwa farasi na hawamiliki magari, lakini safari ikiwa ndefu humkodi jirani mwenye gari awapeleke. Baba akacheka sana. "Kumiliki haramu, kupanda halali?" Jaifar, kwa ulimi wake ule usiotulia, akamjibu, "Kama wewe, Baba: sigara hununui, ila za jirani Bakhit unavuta." Bibi alicheka mpaka akapaliwa.

Nikawaambia pia kwamba hawafanani kila mahali. Kwenu vigari vyao vya farasi ni vyeusi, Lancaster ni vya kijivu, na kwenye lile bonde la Pennsylvania tulikompeleka yule mama kumzika dada yake, vingine vina paa la njano na vingine jeupe, kila kundi na rangi yake. Indiana tuliwakuta wanakwenda kazini kwa baiskeli. Lancaster baiskeli hawazitaki, wanasukuma skuta kwa mguu mmoja. Wengi simu wanaiweka kwenye kibanda nje, mbali na meza ya chakula. Mama akasema hilo peke yake lingemfanya ahamie huko.

Katika hadithi zote hizo wewe ulikuwa "dereva". Dereva alisema hivi, dereva alisimama pale. Baba akatokea kumpenda huyo dereva. Siku moja akaniambia, "Huyo mzee mtu wa maana. Tafuta njia umpelekee tende."

Ijumaa ya wiki mbili nyuma nikateleza. Nilikuwa nasimulia jinsi Bi Verna, yule abiria Mwamishi, alivyokataa keki ya dukani, kisha akamaliza vipande vitatu vya mkate wa kumimina wa dereva na kuomba afundishwe kuupika. Bibi akaacha kutafuna.

"Na huyo dereva wako, mkate wa kumimina kafunzwa na nani huko Marekani?"

Nikajimiminia maji, naye akaendelea.

"Una hiliki nyingi?"

"Nyingi, Bibi."

"Umeungua chini?"

"Kila mara."

Akajifunika uso kwa mtandio. "Mwanangu huyo," akasema.

Baba alinawa mikono akatoka. Miaka kumi na minne jina lako halikutajwa kwenye sufra ile tunayotandika sakafuni kulia chakula, tangu ulipovunja posa ambayo yeye alikuwa ameshawapa watu neno lake, ukaolewa na uliyemchagua mwenyewe. Nilikuwa na miaka kumi. Nilidhani siku likitajwa nyumba itaanguka. Haikuanguka. Alasiri hiyohiyo nikamfuata Baba barazani, nikamwomba radhi kwa kumficha. Kwa kukutembelea sikuomba radhi, na nilimwambia hivyo.

Kesho yake nilimpeleka Baba mtaa wa Ghala kuchukua gari lake gereji. Ndani ya gari watu hawatazamani, wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba ndiyo sababu abiria wako hukueleza mambo yao. Basi nikamsimulia chakula cha nyumbani kwa Bi Verna. Kwamba mtoto wake aliacha kanisa baada ya kubatizwa, na sheria yao inamkataza kula meza moja na wenzake. Kwamba siku ile alikuja na mkewe, wakawekewa meza ndogo kando ya meza kubwa, nafasi ndogo katikati, na kitambaa kimoja kirefu kikatandikwa juu ya meza zote mbili. Sikumficha kwamba wewe uliweka uma chini ukasema unakwenda kutazama matairi, na hukurudi.

Tulipopita mzunguko wa barabara, Baba akauliza.

"Kitambaa alitandika nani?"

"Mama yake."

"Na baba yake alikaa wapi?"

"Pembeni, karibu na ile nafasi. Alikuwa akimpa mwanawe viazi. Kupokea kitu mkononi mwake haruhusiwi. Kumpa anaruhusiwa."



Jana, mbele yetu sote, Baba akasema uje umwone mama yako. Ila akasema hatakula nawe sinia moja, kwa kuwa neno lake lilivunjwa mbele ya watu. Bibi hakumwacha apumue. "Sinia zako, Marhoon. Sufra yangu mimi, na nnatandika moja."

Nakumbuka ulichoniambia siku ile kwenye matairi, kwamba hutakwenda unakotengwa. Nimelifikiria sana neno hilo, na sikuombi uite haya haki. Si haki. Lakini daktari hakutoa ahadi kuhusu jicho la kushoto, na Bibi anataka kuuona uso wako, si kuupapasa. Halafu kuna hili: jana Bibi alizipanga sinia mbili kuona kama zitatosha. Baba alihama mahali pake pa siku zote, akakaa ukingoni, upande wa sinia yako. Alipoondoka nikapima kwa mkono wangu. Kutoka sinia yake hadi yako ni shubiri moja.

Mimi naamini atakumegea nyama. Labda si siku ya kwanza.

Bibi, Mama na Jaifar wanakusalimu. Baba hakutuma salamu, ila ameuliza mara mbili kama theluji ya Desemba huzuia ndege. Nisalimie Ami Loay, Ghaith na Bi Verna. Mungu akulinde barabarani na awalinde wote unaowabeba.

Nipe tarehe tu. Usitafute teksi uwanjani. Safari hii dereva ni mimi.

Mtoto wa kaka yako akupendaye,
Manal