Ua la Asubuhi Moja

Na hapana, dada, mume wangu hakuoa mikono. Niliisoma barua yako mara tatu kabla ya kuitia motoni, mara ya tatu nikiwa nimesimama kwa hasira, na jibu langu ni lile lile: amenioa mimi mzima, mikono ilikuja nami tu.

Ila nikusalimu, usije ukasema ndoa imeninyang'anya adabu. Hujambo? Watoto hawajambo? Shemeji kiuno kimemwachia? Mimi nimenenepa. Ndiyo, nimenenepa, ingawa uliwatangazia watu kwamba huku nitabaki mifupa mitupu. Mume wangu huamka kabla yangu akachemsha chai, akaniletea kikombe kwa kunyata kama mwizi, kisha akakaa ukingoni mwa kitanda kunitazama ninavyokunywa. Kama shemeji amewahi kukufanyia hivyo hata mara moja, niandikie, nitafurahi kwa ajili yako.

Umemwita kupe. Umesema anaishi na mimea inayonyonya miti, na mimi nitanyonywa vivyo hivyo. Usilolijua ungelinyamazia, dada. Mvanila, mmea anaoulima, haunyonyi mti. Unaushika tu kwa vijizizi vyake upate kupanda, na chakula chake unakitafuta wenyewe chini, kwenye majani makavu yaliyooza. Aliponieleza hayo, ameshika shina la kijani, nene kama kidole chake, nilimsogelea nisikose neno. Mwanamume anayezungumza na mmea kwa upole ule, mkewe atamsemeshaje?

Na ua lenyewe! Rangi yake si nyeupe si kijani si manjano. Hufunguka alfajiri, na jua likifika utosini ua limeshanyauka. Umri wake wote ni asubuhi moja. Ndani mna upande wa kiume na wa kike, zimekaribiana kabisa, lakini katikati pana kiwambo chembamba kama ngozi ya kitunguu. Nyuki anayejua kukipita alibaki huko mmea ulikotoka. Wa kwetu wanazunguka tu na kuondoka. Basi mtu huchukua kijiti, akalipasua ua kidogo, akakiinua kile kiwambo, akabonyeza kwa dole gumba. Ndiko kuchavusha. Lisiposhika, halikawii kuanguka. Likishika, huwa ganda la kuning'inia miezi tisa. Miezi tisa, dada! Nilicheka mpaka mume wangu akaona haya.

Miaka mitatu aliisubiri mimea yake ichanue, na huu ndio msimu wake wa kwanza. Barua yako ikafika wiki ile ile maua yalipoanza kufunguka. Ukaniuliza kwa nini harusi ilikimbizwa, posa leo na ndoa wiki tatu baadaye, maua yakiwa yanakaribia. Ukaandika kwamba alikuwa anatafuta vidole, na vidole vya mke havidai ujira. Barua iliungua, maneno hayakuungua. Na mama mkwe, ambaye ulimi wake ni wembe, asubuhi moja aliviangalia vidole vyangu akasema afadhali nimewahi, maana mwanawe peke yake asingeyaweza maua yote yale. Nilitabasamu. Kisha nikaificha mikono ndani ya kanga.

Sasa nitakuambia nilichofanya, na ukikisoma ujue mbegu yake uliipanda wewe.

Jioni moja mume wangu alirudi kutoka shambani mbio mbio kama mtoto aliyefaulu mtihani, akasema matumba yamejaa, kesho yatafunguka maua mengi kuliko siku zote za msimu. Nikaichagua siku hiyo hiyo. Kulipokucha nikajikunja kitandani nikasema tumbo linanikata. Sikuwa na tumbo, dada, wala kichwa. Nilitaka kuona atachagua nini.

Alinichagua mimi. Alinipikia uji, akanipangusa uso kwa kitambaa cha maji. Mama yake alisimama dirishani akifoka kwamba mke atapona kesho, ila maua ya leo kesho hayapo. Mume wangu akamjibu kwamba hawezi kumwacha mkewe akitapika peke yake. Sikuwa nimetapika hata mate. Mungu anisamehe, chini ya lile shuka sikuwahi kuwa na furaha kama ile.

Mama mkwe alikwenda peke yake na macho yake yasiyoona vitu vya karibu, akaharibu mengi kuliko aliyochavusha. Baada ya siku mbili ardhi kati ya mistari ilikuwa imefunikwa na maua. Mume wangu aliokota moja, akaligeuza geuza, akaniambia nisijali, kikubwa nimepona. Neno hilo lilinichoma kuliko tusi lolote. Mama yake tangu siku hiyo ananiita Mgonjwa wa Msimu, na ananiita hivyo mbele ya wageni.

Jana nilishindwa, nikamwambia mume wangu kweli yote. Hakupiga kelele, na heri angepiga. Aliniuliza jambo moja tu, nani alinitia fikra ile kichwani. Nikakutaja wewe. Leo yumo shambani anayamalizia maua yaliyobaki, na amenikataza kukanyaga huko. Mikono yangu imekaa bure, dada, na bado ni mkewe. Tafuta maneno ya kulieleza hilo.

Nisalimie watoto, wabusu. Msalimie mama, usimsomee barua hii. Wewe nakupa salamu kwa kuwa tumenyonya ziwa moja, si kwa kuwa nimekusamehe.

Maua yatakwisha wiki ijayo. Mume wangu amesema yakiisha tutakuja kwako sote wawili, maana anataka kuyasikia maneno yale kwa kinywa chako, amekaa mbele yako, nami nipo. Kabla ya mwezi huu kwisha tutabisha hodi.

Mdogo wako,
Kitindamimba