Chanjo Iliyobaki Mezani

Dada Nyaboke,

Nakusihi, haya usimwambie mtu, hata shemeji.

Daktari Wangwe amenichagua niende Nakuru kwa mafunzo ya kutunza chanjo, mimi karani, na wahudumu wa mifugo wameachwa. Nilipouliza sababu, alicheka: "Emmah, ukialikwa kula unauliza nani amepika?"

Nadhani ananiondoa. Nilimwona akijaza samaki wake kwenye friji ya ofisi, na chanjo ya kichaa cha mbwa ikashinda mezani kwenye joto hadi ikaharibika. Ndiyo waliyowadunga mbwa wa Karungu, pamoja na wako. Mfunge. Akimng'ata mtoto, mkimbilie hospitali.

Usinipigie, simu yangu ni ya ofisi. Nitafute Sabato hii kanisani Homa Bay, kwenye viti vya nyuma. Ukinikosa, jua nimekubali kwenda.

Mdogo wako,
Emmah