Jiwe Bichi la Kianjai

Jumanne, 2 Agosti 1994
Mawe ya Ngazidja yako mezani. Meusi, yana chembe za kijani. Kuari ya hapa Kianjai, machimbo ya mawe, inatoa mawe kama hayo hayo. Ngazidja ni kisiwa cha Komoro, kimeota baharini. Kama lava yetu ya milima ya Nyambene ina kemia ile ile, basi zote zilitoka chini kabisa ya ardhi, na miamba ya bara haikuchangia kitu. Profesa anataka namba. Lakini sampuli zangu zimeliwa na mvua. Nahitaji jiwe bichi.

Alhamisi, 4 Agosti
Jiwe bichi liko chini ya ukuta wa mwamba ulioning'inia. Muthamia, nyapara wa kuari, amekataza mtu kupita pale. Ngoja tuuangushe Jumatatu, aliniambia. Jumatatu nina zamu yangu ya maabara Nairobi — nikiikosa, ni mpaka Desemba.

Alipoenda chai nikamuuliza Salesio, mvunja mawe, kama dakika mbili zingetosha.

"Moja tu, madam."

Akaingia na nyundo. Akatoa jiwe zuri sana. Ni mimi niliyesema, ongeza lingine.

Ijumaa, 5 Agosti
Ukuta ulimwangukia Salesio; wamemtoa kwenye kifusi saa nne asubuhi, amekufa. Alikuwa na miaka thelathini na moja.

Nimeliosha lile jiwe. Sijui kwa nini.

Jumapili, 7 Agosti
Kanisani Cicily, mjane wake, alinishika mikono. Salesio alikuwa akiwaambia watoto ati mlima wao na visiwa vya mbali ni ndugu. Kwamba madam ndiye alimfundisha.

Polisi wamemchukua Muthamia. Watu wanasema yeye ndiye alimtuma Salesio pale chini. Anakana. Hakuna aliyeona.

Nilikunywa chai ya wafiwa.

Jumatano, 10 Agosti
Nairobi. Namba zimetoka. Niobi, elementi inayoonyesha lava ilitoka chini kabisa, iko juu, kama ya Ngazidja. Nilikuwa sahihi. Profesa amenipa mkono.

Ijumaa, 12 Agosti
Nimerudi. Niko kwa benchi, nje ya kituo cha polisi. Nimeomba kuandikisha taarifa. Makandi, mke wa Muthamia, ameketi kando yangu na chakula cha mumewe kwa sufuria, kimefungwa na leso. Ananishukuru.

"Wewe umesoma, madam. Wewe watakusikia."

Anasogea ili nipate nafasi ya kuandika vizuri — anadhani naandika ya kumtetea mumewe tu, hajui ni mimi niliyemtuma Salesio. Konstabo amefungua mlango, ameita jina langu. Makandi amesimama kwanza, ameshika mkono wangu, anataka tuingie pamoja —