Kikompyuta cha Baba

Chanika, Handeni
9 Machi 2025

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeamka na nafuu kuliko jana. Huku kwangu hatujambo, ila usingizi nimeusahau. Huyu mdogo, Pendo, ananyonya kama ameagizwa, na kaka yake akiona mwenzake amelala ndipo anapokumbuka kuimba. Frank yuko safarini na lori, anakusalimu sana.

Nakuandikia barua wakati simu zipo kwa sababu moja. Nikipiga simu namsikia mama. "Baba yako hajambo, baba yako amekula, baba yako anasema usiwe na wasiwasi." Ulimi wako umekuwa mzito tangu ulipoanguka kwa kiharusi mwezi wa kumi na moja, sasa hayo ya wasiwasi uliyasema saa ngapi? Mama namheshimu, lakini safari hii nakuuliza wewe.

Juzi nilikuwa natafuta nguo zangu za utotoni nimvalishe Pendo, nikafungua lile sanduku la bati nililotoka nalo Kilole siku ya kuolewa. Chini kabisa, ndani ya soksi yako ya kijivu, nikaikuta ile kompyuta yako ya mkononi ya enzi za mradi wa vyandarua. Unakumbuka? Ulikuwa unaivaa kiunoni kama askari, unazunguka Mazinde na Kwashemshi nyumba kwa nyumba, unauliza watu wangapi wamelala kwenye chandarua. Sisi watoto tulikatazwa hata kuipumulia. Mradi ulipoisha wakakuachia.

Nilichomoa betri mbili ndogo za rimoti ya king'amuzi, nikazitia. Baba, kiliwaka! Kioo kilekile, kijani cha kufifia kama maji ya mlenda, hakina rangi wala picha. Kikaniomba niguse misalaba midogo kwa kalamu yake, nikagusa, kikafunguka. Ndani hamna kitu. Maswali yako yote yamefutika, na nilisikitika, sikufichi. Lakini nikaiona ile sehemu ya chini ya kuandikia. Unaandika herufi, yenyewe inapanda juu kwenye mstari, halafu unaandika nyingine palepale. Mkono hausogei.

Hapo nikakukumbuka. Mama aliniambia ulijaribu karatasi kwa mkono wa kushoto, mstari ukateremka mpaka mezani, ukaichana. Kwenye simu ya kupangusa kidole kimoja kinabonyeza herufi tatu. Hiki hakitaki mstari. Na zile herufi zake za ajabu, A isiyokatwa katikati na nyinginezo, ni wewe unayezijua. Mimi nimehangaika nazo huku nanyonyesha, nikaandika jina langu likatoka kama la Mchina.

Kikompyuta nimempa konda Iddy wa basi la asubuhi, atamkabidhi mama stendi. Ukiandika, mama anakili kwenye karatasi, anirudishie kwa Iddy.

Swali lenyewe ni hili. Baba mkubwa Mikaeli anaitisha kikao cha ukoo baada ya Pasaka. Anataka kukupandisha Kwashemshi uuguzwe kwenye nyumba ya babu, kwa kuwa kwetu mgonjwa hurudi kwao, na mgonjwa hana kauli. Mimi nataka uje Handeni nikutunze kwa mikono yangu. Mama hasemi anachotaka, analia tu jikoni akidhani simu imekatika.

Wewe unataka kukaa wapi?

Mwanao,
Yuditha


Kilole, Korogwe
30 Machi 2025

Mwanangu,

Marahaba. Wajukuu hawajambo? Nimekipata. A nimeikumbuka. K inakataa. Mkono wa kushoto mjinga, naufundisha.

Kwashemshi sitaki. Handeni nitakujibu.

Baba

(Yuditha, ni mama yako ninayenakili. Hayo machache yamemchukua wiki nzima. Anakunja uso kama fundi saa. Nikimwambia pumzika ananigonga kidole kwa ile kalamu. Jana aliandika "chumvi" akanisukumia sahani. Nimepika miezi yote hii bila chumvi ya kutosha na hakuna aliyeniambia! Nilicheka, na yeye akacheka. Ulishasahau anavyocheka?)


Chanika, Handeni
6 Aprili 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo, na mama shikamoo huko uliko na kalamu yako. Hali zenu? Sisi wazima, isipokuwa Pendo ana kikohozi, na kliniki wamesema nisimtoe nje kwenye upepo. Kwa hiyo kwenye kikao sitakuwepo. Usihuzunike, maana itabidi useme mwenyewe.

Barua yako niliisoma nikairudia mpaka uji ukaungua. "Kwashemshi sitaki." Maneno mawili tu, lakini ni yako.

Baba mkubwa amekwishasikia. Alinipigia. "Wewe Yuditha, mtoto wa kike uliyeolewa, unataka kuwa spika wa ukoo?"

Nikamwambia, "Shikamoo baba mkubwa. Spika ni baba, mimi nimepeleka maikrofoni tu."

Akaguna. "Maikrofoni yenyewe ya kuchezea watoto."

Hakuchukii, baba, tusimseme vibaya. Aliniambia kila akipita mlango wa nyumba ya babu anawaona nyie wawili mkiwa wadogo. Anataka mzeeke pamoja. Lakini huko juu nani atakunyoosha mguu? Mazoezi yako yapo hospitali ya hapo mjini.

Sasa sikiliza. Andika kauli yako yote mapema, kidogo kidogo, siku ya kikao mama aisome. Na mama, hili nalisema kwa heshima lakini nalisema: usimjazie maneno. Tena kikompyuta hiki hakina kumbukumbu betri zikiisha, kila kilichomo kinafutika. Ndani ya bahasha nimeweka mbili mpya. Kikianza kuonyesha alama ya kuchoka, mbadilishie upesi.

Na bado nakudai jibu la Handeni. Hapa kuna baraza, kuna kivuli, kuna wajukuu wa kukutania. Mimi ni binti yako, si mgeni.

Mwanao,
Yuditha


Kilole, Korogwe
24 Aprili 2025

Mwanangu Yuditha,

Salamu nyingi. Mtoto amepata nafuu? Leo baba yako hajaandika. Naandika mimi mama yako.

Nimeharibu. Zile betri mpya nilizitia kwenye tochi umeme ulipokatika, nikasahau kuzitoa, zikaisha. Jana kile kikompyuta kikaonyesha kuchoka. Nikazitoa zile za ndani nikazianika juu ya bati kwenye jua, kama tunavyofanya za redio, zipate nguvu. Barua yako niliisoma, lakini ulisema zikiisha. Sikudhani hata zikitoka! Niliporudisha, kikaomba misalaba kama siku ya kwanza.

Yote aliyoyaandika yamekwenda. Hakutaka hata mimi niyasome, aliandika kuwa ni ya kikao. Hanigombezi, ananitazama tu halafu anageukia ukutani. Kikao ni keshokutwa. Nimwambie nini?

Mama


Chanika, Handeni
25 Aprili 2025

Mama,

Shikamoo. Usilie mbele yake. Betri mpya hizi hapa nyingine, tochi isizione. Mimi mwenyewe ningezianika, ndivyo ulivyonilea.

Msomee baba hapa: Baba, maneno yamefutika, wewe hujafutika. Yaliyokuwa humo yalitoka kichwani mwako, na kichwa kipo. Kesho kaa wima, andika hata moja.

Wenu,
Yuditha


Kilole, Korogwe
4 Mei 2025

Mwanangu Yuditha,

Marahaba. Kikohozi cha Pendo? Mimi nasogea, jana nilifika mlangoni kwa fimbo. Barua hii naiandika tangu Jumapili iliyopita. Mama yako ananakili, ameahidi hataongeza chumvi. (Nimeahidi kupunguza.)

Walikuja. Mikaeli, shangazi yako Agripina, na wengine. Mikaeli akasali. Akasema mgonjwa anarudi kwao, gari lipo Jumatatu. Nikagonga meza kwa kalamu.

Mikaeli akasema, "Tumesikia una kauli iliyoandikwa. Imeandikwa na nani? Na Yuditha?"

Mama yako akasimama. "Aliandika mwenyewe. Nimeifuta mimi, kwa jua."

Agripina akadakia, "Asnath! Umeanika kauli ya mumeo kama muhogo?"

Wakacheka mpaka Mikaeli akafuta macho. Mama yako hakucheka. Nikavuta kikompyuta. Mikaeli akavaa miwani, akasogeza kiti ubavuni kwangu, aone kama kweli. Nikaandika S. Akaisoma kwa sauti. Nikaandika I. Wengine wakasogea nyuma yangu, wakawa wanasoma wote kama darasa la kwanza. T. A. K ikakataa. Ikakataa tena. Ikakubali. I.

"Sitaki," Mikaeli akasema polepole. Agripina akapiga kigelegele kana kwamba nimeoa.

Kama kauli ingekuwa imeandikwa tayari, wangesema ni yako. Iliandikwa mbele ya macho yao. Mwambie mama yako aache kulia kwa ajili ya betri. (Ameliandika hili makusudi, maana anajua nani ananakili.)

Mikaeli akauliza, "Kwa nini, mdogo wangu? Tumekukosea?"

Nikaandika: Hapana. Mazoezi yapo hapa. Mke wangu yupo hapa.

Ilichukua muda. Chai ikapoa na hakuna aliyeinuka. Yuditha, miezi yote hii watu wakiniuliza swali wanamtazama mama yako. Siku ile waliuliza wakanitazama mimi, wakasubiri. Nimeuliza watu nyumba kwa nyumba nusu ya maisha yangu. Sikujua kuulizwa kunatuliza hivi.

Mikaeli amekubali. Ameomba Krismasi anichukue mwenyewe nikasalimie kwetu, halafu anirudishe. Hilo nimelitaka.

Sasa jibu lako, nililikwepa. Handeni siji kukaa. Mama yako ameniambia unakunywa chai umesimama. Una watoto wawili wadogo. Sitaki kuwa wa tatu. Nataka kubaki baba yako. Usinune.

Baba yako,
Abraham Mdoe


Chanika, Handeni
11 Mei 2025

Baba yangu,

Shikamoo. Mmeamkaje hapo Kilole? Pendo kikohozi kimekwisha, sasa anatumia pumzi yote kupiga kelele. Frank amerudi, anaosha lori.

Barua yako niliifungua palepale stendi. Iddy akaniona, akasema, "Dada, kuna msiba?"

"Hapana. Nimekataliwa."

"Na nani tena, wakati shemeji yupo?"

"Na baba."

Akacheka mpaka dereva akampigia honi.

Nilinuna, usidhani sikununa. Nilifua nguo zote za nyumbani, hata zilizo safi. Nikawa najisemea, nimemtafutia njia ya kusema, na anaitumia kunikataa mimi. Halafu nikaona aibu yangu mwenyewe. Nilimwambia baba mkubwa aheshimu kauli yako. Siwezi kuiheshimu ile tu inayonifurahisha.

Kwa hiyo sawa, baba. Kaa kwako. Kaa na mke wako, umgonge vidole.

Ila kuna jambo sikukuambia. Kile chumba cha uani nilishakipiga chokaa. Frank alipigilia ubao ukutani, kutoka kitandani mpaka mlangoni, ushike unapotembea. Hatuubandui. Juni shule zikifungwa, njoo na mama mkae wiki mbili, uje kama mgeni. Aliyesema mgeni njoo mwenyeji apone, nadhani alikuwa mama mwenye mtoto anayenyonya.

Mama atapika, kwa chumvi unayoitaka wewe. Wewe utampakata Pendo kwa huo mkono wa kushoto, na mimi nitalala mpaka adhuhuri. Hilo, baba, sikuulizi. Nakuambia.

Mwanao,
Yuditha