Mtu wa Kumi Kaburini Kwako

Elburgon, Jumatano jioni

Mzee Zelig,

Jiwe lako limesimama. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeliniuliza kwanza, halafu ungeniuliza kama limesimama wima, halafu ungesema mafundi wa Nakuru hawajui kushika timazi. Limesimama wima. Nilipima mwenyewe.

Mwaka umekwisha tangu tukuzike na sijakuandikia hata neno moja. Kanisani kwetu marehemu haandikiwi barua, huombewa tu na kuachwa apumzike. Lakini wewe ulinizoesha vibaya. Kila Jumamosi alasiri nilikuwa na mtu wa kubishana naye, na sasa mambo yamenijaa kifuani, hayana pa kutokea.

Watu wa kiwanda cha mbao bado hucheka wakikumbuka siku ulipokuja kuanza kazi ya kunoa misumeno. Msimamizi alituambia tukuite Bwana kama Mzungu mwingine yeyote, nawe ukakataa mbele yake. Ulisema, "Bwana ninayemjua mimi ni mmoja, na hafanyi kazi Elburgon." Ndipo Kamau, yule wa kusukuma magogo, akasema basi utakuwa Mzee, na wakati huo hata mvi za kutosha hukuwa nazo.

Mimi sikukutafuta. Ulisikia kwamba fundi wa milango, arap Sigei, huhubiri Jumapili katika kanisa la mabati, ukaja karakanani na Kitabu chako kinachosomwa kutoka kulia. Ulisema unatafuta mtu wa kusoma naye. Nilidhani unataka kunibadilisha dini, ukacheka mpaka ukakohoa. Ukanieleza kwamba kwenu mtu hasomi peke yake. Husoma wawili, uso kwa uso, na kazi ya mwenzako ni kukupinga mpaka uone ulichokuwa huoni. Wayahudi wa Nakuru, wenye maduka na hoteli, walikuwa mbali, na tena walikuona mkorofi. "Nimebaki na wewe," ulisema. "Unajua kubisha?" Mkipsigis mzima, unaniuliza kama najua kubisha!

Basi tukabisha. Mimi na Kitabu changu cha Kiswahili, wewe na chako, katikati yetu birika la chai na vumbi la mbao. Huko ndiko nilikojua umetoka wapi. Babu yako alikuwa mmoja wa wale walioamka katika vijiji vya Ulaya ya mashariki wakasema Mungu hataki nyuso za huzuni, kwamba mchota maji anayeimba kwa moyo wake wote yuko karibu Naye kuliko msomi anayejisikia. Wasomi wakawatenga. Vizazi viwili vikapita, na wajukuu wa waliotengwa wakawa na viti vyao vya mbele, nao wakaanza kutenga wengine. Ulilisema hilo kwa hasira, kama jambo la jana.

Ndipo wewe, kijana, ukatoka nyumbani na kujiunga na wenzako waliosema kwamba watu wenu wamekaa mno juu ya vitabu na nyuma ya meza za maduka, na roho yao itafufuka siku mikono yao itakaposhika jembe. Kazi ndiyo sala, mlisema. Baba yako alikulilia kama maiti. Mlitaka kwenda kulima nchi ya baba zenu, milango ikafungwa, nawe ukaishia kukamua ng'ombe wa mtu mwingine huko Molo. Halafu vita. Halafu habari za nyumbani kwenu, kwamba wote wameuawa, ambazo ulinisimulia mara moja tu, ukiwa unanoa, bila kuinua kichwa.

Baada ya habari zile, ulisema, jembe lilikaa kimya. Ukarudi kwenye maneno ya babu yako, lakini hukurudi mikono mitupu. Ulirudi na jembe lako. Ulinionyesha kwamba amri ya Sabato ina pande mbili: siku sita za kazi ni amri vilevile kama ile siku moja ya kupumzika, na anayepumzika ni pamoja na mtumishi na mnyama wake. Mwenye shamba hujichukulia mapumziko, ulisema, na mtumishi huachiwa kazi, na wote wawili wamepewa nusu ya amri. Mimi nikakuuliza: kama kazi ni sala, mbona anayevunjika mgongo katika shamba la mtu hajioni amesali? Jumamosi iliyofuata uliingia hata hujavua kofia, ukasema, "Kwa sababu ametumwa, hajaitwa." Mpaka leo jibu hilo halijaniridhisha.

Siku tuliyokuzika, mvua ilikuwa imekata barabara ya Subukia na Wayahudi wa huko hawakufika. Nilisimama nyuma, karibu na lango la makaburi yenu ya Nakuru, nikawaona wanaume wenu wakijipanga. Mwenye duka la vitambaa, yule anayewaongoza katika sala, alipita akimgusa kila mtu na kumpa neno moja la aya fupi yenye maneno kumi, kwa maana watu hawahesabiwi kwa namba. Nilielewa mara moja. Kwetu pia hatuwanyoshei watoto kidole tukasema wa kwanza, wa pili, wala ng'ombe. Aya ikafika mwisho wa watu na bado neno moja lilikuwa limebaki, halina mwenyewe. Walikuwa tisa. Ile sala ya wafiwa haisemwi pasipo watu kumi.

Wakabishana pale pale, juu ya udongo. Mmoja alisema zamani tisa waliwahi kuruhusiwa, mwingine akasema hapana, sheria ni sheria. Mmoja akanitazama, kisha akatazama chini. Nilijua kwamba siwezi kuwa wa kumi, na sikutaka kusimama mahali pasipo pangu ili tu watu waende nyumbani mapema. Tukakufukia bila ile sala. Niliumia, Mzee. Hukuwa na mtoto aliyebaki duniani wa kuisema, na wewe ndiye uliyenifundisha kwamba sala hiyo haitaji kifo hata mara moja, ni sifa tupu, tena haikutungwa kwa lugha takatifu bali kwa lugha ya sokoni ya siku zile ili kila mtu aielewe. "Kama Kiswahili chetu," ulisema. Na ulisema nguvu yake haiko kwa anayeisoma, iko kwa wanaoitika Amina. Nikajiambia kwamba kabla ya mwaka kwisha itasemwa, na mimi nitaiitika.

Sasa habari za mwaka. Kiwanda kimemleta fundi mwingine wa kunoa, mtu mwema, ila misumeno yake inalia. Wazee wa kanisa walinikataza kuhubiri kwa muda kwa sababu nilisema mtu anaweza kumbishia Mungu na bado akawa rafiki Yake. Wamenirudisha, lakini mmoja wao hukaa mbele kabisa akinichunga mdomo. Jumamosi alasiri nasoma na Chebet, binti yangu. Ulisema ukuta mmoja ambao babu yako hakuubomoa ni ule uliowaacha mama yako na dada zako wakisikiliza kutoka nyuma ya pazia. Mama Chebet anasema msichana atakosa mume kwa ubishi. Labda. Lakini Mzee, mtoto huyo anavyobisha, ungemsikia ungejaza birika kwa machozi ya kucheka.

Jumapili iliyopita ndiyo ilikuwa siku ya jiwe. Mwenye duka alikuwa ameniletea habari kwamba familia moja imehama nchi na wamebaki tisa, labda nane, hata wakija wa Subukia. Nilikwenda hivyo hivyo. Tulipanda lori la mbao, mimi na Kamau, naye ameshika kikapu cha mchanga mweupe alichotaka kumwaga miguuni pako. Alinyoa ndevu kwa ajili yako, hebu fikiria.

Kabla ya Njoro kulikuwa na kizuizi cha vijana wa jeshi la Kizungu, wale tunaowaita majoni. Tangu Hali ya Hatari itangazwe tumevizoea vizuizi, lakini hakuna anayevizoea kweli. Walitushusha. Mimi waliniuliza kabila, nikajibu, wakasema simama kando. Kamau walimwomba pasi. Anayo, imetiwa sahihi na msimamizi, lakini inamruhusu kutembea Jumatatu hadi Jumamosi. Siku za kazi tu. Jumapili, kwa karatasi ile, Kamau hayupo. Wakamchutamisha matopeni pamoja na Wakikuyu wengine, mikono kichwani, na askari mmoja mdogo, uso umejaa chunusi, akapita akiwahesabu kwa ncha ya fimbo.

Nilimwendea. Kiingereza changu ni cha kuvunjika na Kiswahili chake ni cha kuamrisha tu, lakini nilimwambia huyu ni mtu wa kiwandani, tunakwenda makaburini, kwa Wayahudi, kumsimamishia rafiki yetu jiwe. Alisema kuachilia mtu si kazi yake, ni ya sajini. Kisha fimbo ikashuka. Akaniuliza kwa sauti ndogo kama huko tuendako watatimia kumi.

Mzee, kijana yule alikuwa Myahudi. Hakuna mtu mwingine duniani angeuliza swali hilo.

Ningeweza kumwambia ndiyo, watatimia. Lile neno la mwisho la aya liende kwa mtu huyu, anayewahesabu watu kama magogo? Nilitamani kupatana naye bei: nipe Kamau, nami nikupe nafasi. Nikakumbuka ulivyoniambia kwamba kumi ambao wote ni wema hawajatimia, kwamba lazima awepo na yule ambaye usingemchagua. Nilikubishia sana siku ile. Nilikuwa bado nafikiri, Kamau akaniita kutoka matopeni. Alisikia neno kumi, na habari ya kumi anaijua kama mimi. "Mwambie ukweli, arap Sigei. Mzee asilale mwaka mwingine bila sala yake. Mimi nitatoka tu." Akanisukumia kikapu kwa mguu.

Nikasema, "Tisa. Labda nane."

Zamu ya yule askari ilikuwa inakwisha adhuhuri. Alifika makaburini na gari la jeshi, akaiacha bunduki kwa dereva, akasimama mwisho wa mstari akiwa mwekundu kama mtoto aliyechelewa shule. Kumbe watu wa Subukia walikuwa wamekuja. Pamoja na wa Nakuru walikuwa tisa kamili. Mwenye duka akaanza kuigawa ile aya, na neno la mwisho likamwangukia yule askari. Kisha mwenye duka akaniita, akasema mbele ya wote, "Aliyesoma naye asimame karibu." Nikasimama karibu.

Ikasemwa. Yule kijana hakusoma popote, aliijua kwa moyo. Alisema baadaye kwamba alimsomea baba yake mwaka mzima. Sauti yake ilikatika katikati, wengine wakamngoja. Na mimi niliitika, Mzee. Niliitika Amina kwa sauti yangu ya kanisani, mpaka ndege wakaruka mitini. Nilikuwa na furaha, nikilia hapo hapo, wala sioni haya kukuambia. Mchanga wa Kamau niliumwaga mimi.

Tuliporudi kizuizini jioni hapakuwa na mtu, ni matope tu yenye alama za visigino. Nyambura, mke wa Kamau, amekwenda Njoro, amekwenda Nakuru, hakuna anayemwambia mumewe yuko wapi. Msimamizi anasema tungoje. Leo ni siku ya nne.

Kwa hiyo sina amani, na ndiyo maana nimekaa kuandika. Nimekupatia sala yako kutoka mikononi mwa mtu aliyemchukua rafiki yetu. Wewe ungesema kijana yule alirejea kwa Mungu wake pale kaburini, kwamba lango lilifunguka. Mimi nasema kurejea kusikofika mpaka matopeni pale Njoro kumeishia njiani. Nibishie. Nimekaa hapa nangoja unibishie, na chai imepoa. Chebet ndiye aliyenijibu. Alisema, "Baba, umembishia Mzee vya kutosha. Huyo askari nani anambishia?"

Jumamosi, kiwanda kikifungwa, nitakwenda kambini kwao. Naogopa, nisikudanganye. Nitamwita nje na kuketi naye uso kwa uso kama ulivyonifundisha, na sitasali naye wala kumtukana. Nitamwambia: Jumapili kwenu alipungua mtu mmoja, na mimi nilikuambia ukweli, ukaja. Sasa kwetu amepungua mmoja. Anaitwa Kamau. Wewe utakuja?

Lala salama, mwenzangu wa kusoma. Sitaondoka pale mpaka anijibu.

Ni mimi,
Joeli arap Sigei